Somo la Afya Kazini: Maumivu ya Kifua na Kipimo cha Damu



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya majeraha yanayoonekana: kidole kilichobanwa na mashine, mguu uliokatwa na panga shambani, mgongo ulioumizwa na gunia. Leo tunasoma juu ya jeraha lisiloonekana. Mfanyakazi hulipata akiwa amesimama mbele ya wenzake, bila tone la damu kuanguka chini, na bado laweza kumwua kabla ya jua kuchwa. Jeraha hilo ni mshtuko wa moyo.

Shabaha ya somo ni moja. Kila mwanachama ajue kwamba kuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha kama moyo umejeruhiwa, ajue kipimo hicho hufanya kazi namna gani, na ajue mahali kinapoweza kumdanganya mtu. Asiyejua ataambiwa lolote, naye atakubali.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wengi wetu tunaamini kwamba ugonjwa wa moyo ni wa matajiri, wa watu wanene na wa wazee wanaokaa kitini mchana kutwa. Hamali wa bandari ya Kismayo, kibarua wa shamba la ndizi la Jamaame, mvuvi wa Koyama au Chula, hawa husemwa kwamba jasho lao limewaponya. Si kweli. Jasho husaidia, lakini haliondoi shinikizo la damu, wala sukari katika damu, wala moshi wa sigara uliovutwa miaka ishirini.

Tena kuna mirungi. Mwaka 2005 wataalamu wa Yemen walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: watu wanaotafuna mirungi walionekana kupata mshtuko wa moyo zaidi ya wasiotafuna, na wanaotafuna sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Mirungi huupiga moyo mijeledi ili uende mbio, na huibana mishipa yake. Sisi wa pwani hii tunajua ni wangapi hutafuna ili wamalize zamu ya usiku.

Habari nyingine inatoka karibu. Kati ya mwaka 2018 na 2019, waganga wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliwachunguza watu wazima 681 waliofika chumba cha dharura wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Wote walipimwa umeme wa moyo na damu. Watu 152 walionekana wana mshtuko wa moyo, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Lakini waganga waliokuwa wakiwatibu kwa njia ya kila siku hawakumtambua hata mmoja katika kila kumi kati ya hao 152. Baada ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamekwisha kufa.

Hao hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa Waafrika wa Mashariki kama sisi, na walikuwa wamefika hospitali kubwa. Ugonjwa ulikuwapo, ila haukutafutwa. Waganga wengi walifundishwa kwamba mshtuko wa moyo ni nadra kwetu, kwa hiyo hawakuagiza vipimo. Kipimo kisipoagizwa, ugonjwa hauonekani. Na kwa kuwa hauonekani, watu huzidi kuamini kwamba ni nadra. Huo ndio mduara tunaotaka kuukata.

2. MSHTUKO WA MOYO NI NINI

Moyo ni msuli. Hausimami tangu mtu yumo tumboni mwa mama yake mpaka siku ya kufa. Kama msuli mwingine wowote, nao huhitaji kulishwa damu. Damu hiyo hupita katika mishipa midogo iliyouzunguka moyo wenyewe.

Kwa miaka mingi mafuta na takataka hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo, kama kutu ndani ya bomba. Siku moja mahali palipojengeka hupasuka, damu huganda pale pale, na donge huziba njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hukosa hewa safi. Katika muda wa nusu saa hivi, chembe za msuli huanza kufa, na kila saa inayopita nyingine hufuata. Chembe ya moyo iliyokufa hairudi. Kwa hiyo wataalamu husema kwamba muda ni msuli: anayewahi huokoa moyo, anayechelewa huokoa kipande tu, au hapati kitu.

Dalili zake ni hizi:

(a) Kifua kuwa kizito, kubana au kuwaka, kama mtu aliyewekewa gunia kifuani. Mara nyingi huchukua zaidi ya dakika chache na hayaondoki kwa kupumzika.
(b) Maumivu kwenda bega, mkono hasa wa kushoto, shingo, taya au mgongo.
(c) Jasho la baridi, kichefuchefu au kutapika.
(d) Kukosa pumzi, kizunguzungu, woga mkubwa usio na sababu.

Angalieni sana: wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa kisukari huweza kupata mshtuko bila maumivu makali. Hulalamika uchovu wa ghafla, pumzi fupi au tumbo la juu. Ndiyo maana hao husahaulika kwanza.

3. DAMU INATOAJE HABARI

Tuchukue mfano tunaoujua. Mashua imepasuka usiku kwenye miamba nje ya kisiwa. Aliye ufukweni hakuona. Lakini baada ya saa kadhaa bahari huleta mbao, makasia na magunia ya shehena. Ndipo watu husema, kuna chombo kimevunjika.

Moyo nao ni hivyo. Ndani ya chembe za msuli wa moyo mna protini iitwayo troponini, ambayo kazi yake ni kuusaidia msuli kukaza na kulegea. Mwanasayansi Setsuro Ebashi wa Japani ndiye aliyeigundua katika miaka ya 1960. Moyo ukiwa mzima, troponini hukaa ndani ya chembe, na katika damu huwa kidogo mno. Chembe ikifa hupasuka, na troponini huvuja ikaingia katika damu. Mganga akitoa damu mkononi na kuikuta, ameona mbao za mashua iliyovunjika.

Njia ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1954, huko New York, Arthur Karmen, Felix Wróblewski na John LaDue walionyesha kwamba kimeng'enya fulani hupanda katika damu ya mtu aliyepata mshtuko wa moyo. Hiki kilikuwa kipimo cha kwanza cha damu cha namna hii. Katika miaka ya 1970 vilitumika vimeng'enya vingine vilivyo bora zaidi. Mwaka 1979 Shirika la Afya Duniani liliweka kanuni: mtu ahesabiwe ana mshtuko wa moyo akiwa na mambo mawili kati ya matatu, yaani maumivu, mabadiliko katika umeme wa moyo, na vimeng'enya kupanda.

Lakini vimeng'enya vile vilikuwa na kasoro inayotuhusu sisi hasa. Havikutoka katika moyo peke yake. Vilitoka pia katika misuli ya mikono, miguu na mgongo. Mtu aliyebeba magunia kutwa, au aliyeanguka na kuumia paja, vimeng'enya vyake hupanda ingawa moyo wake ni mzima. Kwa mfanyakazi wa sulubu kipimo kile kiliweza kuchanganya mambo.

Troponini ya moyo haifanani na ya misuli mingine. Mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza kipimo cha troponini T ya moyo. Wengine walikuwa wamekwisha anza na troponini I. Mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilikubaliana kwamba troponini ndiyo kipimo cha kutegemewa. Tangu mwaka 2010 hivi Ulaya ilianza kutumia aina mpya yenye makali zaidi, na Marekani iliiruhusu mwaka 2017.

Makali yake ni kiasi gani? Katika kipimo kipya cha troponini T, mpaka wa juu wa mtu mzima wa afya ni nanogramu 14 katika lita moja ya damu iliyochujwa. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Chukua punje moja ya chumvi ya mezani, iyeyushe katika madumu 200 ya maji ya lita 20 kila dumu. Uchumvi wa maji hayo ndio karibu kiasi hicho. Mashine inaweza kukiona.

4. SAA NDIYO FUNGUO

Hapa ndugu wasomaji naomba tusome polepole, maana hapa ndipo watu hupotezwa.

Mbao hazifiki ufukweni dakika ile ile mashua inapopasuka. Vivyo hivyo troponini haionekani mara moja. Kwa vipimo vya kawaida, pamoja na vile vya kibao kidogo kinachofanana na kipimo cha malaria, huanza kuonekana baada ya saa 3 mpaka 6 tangu maumivu kuanza. Kwa vipimo vipya vyenye makali, huonekana baada ya saa 1 mpaka 3.

Tuseme hamali ameanza kubanwa kifua saa moja asubuhi. Wenzake wamemfikisha zahanati saa mbili. Anatobolewa, damu inadondoshwa kwenye kibao, na baada ya dakika 15 au 20 jibu ni kwamba hakuna kitu. Je, moyo wake ni salama? Hatujui bado. Mashua huenda imevunjika, mbao ziko njiani. Mgonjwa huyu hapana budi abaki, apimwe tena saa tano, na ikiwa shaka ipo apimwe tena saa nane mchana. Akiambiwa saa mbili na nusu kwamba damu yake ni safi, aende nyumbani, hakupimwa. Amefukuzwa tu kwa adabu.

Mimi katika kazi ya chama nimekaa na familia ya mwenzetu mmoja iliyofikwa na jambo la namna hii. Asubuhi kifua kilimbana, zahanati moja ya pwani ikampima mara moja, ikampa dawa ya gesi. Adhuhuri alirudi kazini, kwa kuwa kibarua asiyemaliza siku halipwi siku. Usiku alifariki. Hakuna ajuaye kwa hakika kama ni moyo, kwa kuwa hakupimwa tena. Mjane wake aliniuliza kama kipimo cha pili kingekuwa ghali. Tuliulizia bei. Kilikuwa chini ya ujira wake wa siku chache.

Kwenye hospitali zenye vipimo vipya, kusubiri kumepungua. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2015 uliruhusu damu ipimwe mgonjwa anapofika na ipimwe tena baada ya saa moja tu. Lakini kanuni hiyo ni ya vipimo vyenye makali peke yake. Isichukuliwe ikawekwa kwenye kibao cha kawaida.

Jambo la pili la saa: troponini ikishapanda, haishuki haraka. Huweza kubaki katika damu siku 7 mpaka 14. Hili ni jema, kwa sababu mvuvi wa Chovai aliyeshikwa siku tatu zilizopita, kusi likamzuia kuvuka, bado anaweza kutambuliwa akifika Kismayo. Lakini pia ni tatizo: mbao ufukweni hazisemi kama mashua ilivunjika leo au wiki iliyopita. Dawa yake ni ile ile, kupima mara mbili. Mgonjwa aliyekuwa na 20 kisha akawa na 90 anaonyesha moyo unaendelea kuumia. Aliyekuwa na 40 kisha 41, jambo lake huenda ni la siku nyingi.

5. KIPIMO KISICHOKUWA NA MACHO

Troponini husema kwamba moyo umeumia. Haisemi umeumizwa na nini. Mbao ufukweni hazisemi kama chombo kilipiga mwamba, kiliungua au kilizidiwa na shehena. Troponini hupanda pia kwa mtu mwenye figo mbovu, mwenye moyo uliochoka, mwenye donge la damu mapafuni, mwenye maambukizo makali ya damu, au ambaye moyo wake ulikwenda mbio kupita kiasi. Kwa hiyo mganga mzuri hachukui kibao peke yake. Huchukua mambo matatu: maelezo ya mgonjwa, kipimo cha umeme wa moyo, na damu.

Tena umeme wa moyo ndio wa kwanza. Mashine yake ni ndogo, haitoi damu, na miongozo inataka ifanywe katika dakika 10 za kufika. Ikiwa mistari ya karatasi inaonyesha wazi kwamba mshipa mkubwa umeziba, mganga asingoje jibu la damu, aanze matibabu. Damu ni ya wale ambao karatasi yao haisemi wazi, na hao ni wengi. Na pale ambapo hakuna mtaalamu wa kuisoma karatasi, picha yake inaweza kutumwa kwa simu kwa daktari wa moyo aliye mbali. Simu tunazo.

6. WAKIJUA, WATAFANYA NINI?

Kuna wanaouliza: kupima kuna faida gani ikiwa mji hauna mashine za kuzibua mishipa? Swali ni la haki, na lina jibu.

Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao ISIS-2, uliofanywa katika hospitali za nchi nyingi kwa wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo. Waliopewa aspirini ya miligramu 160 kila siku kwa mwezi mmoja, vifo vyao katika wiki tano vilipungua kwa karibu robo. Waliopewa dawa ya kuyeyusha donge, streptokinasi, vilipungua pia kwa robo. Waliopewa zote mbili vilipungua kwa asilimia 42. Aspirini, ndugu zangu, ni kidonge kinachouzwa dukani.

Kwa hiyo mahali pasipo na mashine kubwa, kujua mapema kunaleta aspirini, kunamlaza mtu badala ya kumrudisha bandarini, kunaleta dawa ya kuyeyusha donge pale ilipo, hasa katika saa za mwanzo na kwa kawaida kabla ya saa 12 kupita. Pia kunafungua njia ya kumpeleka mgonjwa mbele. Mjini Mogadishu kuna hospitali ya Recep Tayyip Erdoğan, iliyofunguliwa mwaka 2015, yenye madaktari wa moyo. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 2015. Ni mbali na ni gharama, lakini hakuna anayesafirishwa kwa ugonjwa ambao haujajulikana.

Na Moshi hawakukaa na aibu yao. Kuanzia mwaka 2023 hospitali ile ile ilijaribu mpango rahisi: kadi ya kumtambulisha mapema mgonjwa mwenye dalili za moyo, kadi za mfukoni za kuwakumbusha waganga, mafunzo, daktari na muuguzi waliochaguliwa kuwahimiza wenzao, na kijitabu cha mgonjwa. Upimaji wa umeme wa moyo na wa damu uliongezeka. Hawakujenga jumba jipya. Walibadili mazoea.

7. MWENZAKO AKISHIKWA

Yafuatayo yabandikwe ukutani, kiwandani, shambani na ndani ya chombo.

(1) Msimamishe kazi mara moja. Akae, mgongo uegemee, magoti yakunjwe. Asitembee kwa miguu kwenda zahanati, asipande ngazi, asiendeshe gari.
(2) Andika saa maumivu yalipoanza. Andika mkononi kwa kalamu ikiwa hakuna karatasi. Saa hiyo ndiyo atakayoitumia mganga kuihukumu damu.
(3) Mpe aspirini ya miligramu 300, aitafune. Usimpe ikiwa aspirini humdhuru, ikiwa anatapika damu au anapata choo cheusi, au ikiwa mdomo umepinda na maneno hayatoki, maana hiyo huenda ni kiharusi. Sindano au vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni si badala ya aspirini, vinaweza kumdhuru.
(4) Tafuta chombo au gari. Kuumikwa, kuchanjwa, samli na maziwa visimcheleweshe. Dua isomwe njiani. Dua haizuii safari.
(5) Akianguka na hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au 6. Mpokezane mpaka msaada ufike.

Mkifika kwa mganga, mwulizeni kwa heshima maswali manne. Je, umeme wa moyo umepimwa? Je, troponini imepimwa, na ni kipimo cha aina gani? Atapimwa tena saa ngapi? Tunaweza kupata majibu kwa maandishi? Mganga mwema hatachukia. Atafurahi kuona watu wanaojua.

8. CHAMA KIDAI NINI

Kabla ya vita vya mwaka 1991, kiwanda cha nyama cha Kismayo, kiwanda cha sukari cha Mareerey na mashamba ya bonde la Juba viliajiri maelfu ya watu. Leo wengi wetu ni vibarua wa siku. Mwajiri wa kibarua hupenda kusema kwamba afya ya kibarua ni yake mwenyewe. Sivyo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 18, unataka waajiri waweke matayarisho ya dharura na ajali, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuweka mkataba huu katika ile ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu.

Kwa hiyo matawi yajadili madai haya:

(a) Sanduku la huduma ya kwanza liwe na aspirini, na awepo mtu wa kila zamu aliyefundishwa.
(b) Mfanyakazi aliyepatwa na maumivu ya kifua alipwe siku yake nzima, ili asirudi mzigoni kwa hofu ya njaa.
(c) Mwajiri agharamie umeme wa moyo na vipimo vya damu viwili, cha kwanza na cha pili. Kulipa cha kwanza peke yake ni kununua kasia moja.
(d) Gari au chombo cha kumpeleka mgonjwa kijulikane kabla ya siku ya haja. Kwa ndugu zetu wa visiwani, mfuko wa mafuta ya mashine ya boti uwepo, na nahodha wa zamu ajulikane, hasa miezi ya kusi.
(e) Mjumbe wa chama aende Hospitali Kuu ya Kismayo na zahanati za mji, aulize wapi mashine ya umeme wa moyo inafanya kazi, wapi pana troponini, ya aina gani na kwa bei gani. Majibu yabandikwe na yasahihishwe kila mwezi, maana dawa na vifaa huisha.
(f) Mara moja kwa mwaka kila mfanyakazi apimwe shinikizo la damu na sukari. Kipimo cha troponini huja baada ya mashua kuvunjika. Hivi viwili huonyesha mwamba kabla ya kuugonga.

Wazee wetu husema dau la mnyonge haliendi joshi. Mtu mmoja akidai kipimo cha pili ataambiwa ana maneno mengi. Tawi zima likidai, itakuwa kanuni ya mahali pa kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwenzenu ameanza kuumwa kifua saa tatu asubuhi. Damu imepimwa kwa kibao saa nne, jibu ni safi. Mtamwambiaje msimamizi anayetaka arudi kazini?
2. Kwa nini vimeng'enya vya zamani viliweza kumchanganya mganga anayempima hamali, na troponini ni bora kwa jambo gani?
3. Kutoka mahali penu pa kazi mpaka penye mashine ya umeme wa moyo ni muda gani, mchana na usiku, kaskazi na kusi?
4. Ni nani katika zamu yenu mwenye aspirini leo hii?

Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na anayejua Kisomali amfasirie asiyejua Kiswahili. Majibu ya swali la 3 na la 4 yaandikwe na kuletwa kwa mjumbe wa tawi kabla ya mkutano ujao.